Mwongozo Kamili wa Kuingiza na Kusambaza Bastola za Kigeni Kihalali Katika Soko la Marekani

Barua ninazopokea kuhusu jambo hili zinafanana mno. Mtu anaishi Marekani, ana mwenzake wa biashara Uturuki, Brazili au Ufilipino, ameonyeshwa bastola nzuri yenye bei nafuu, amekubaliana na kiwanda, pengine amekwishatanguliza sehemu ya malipo, ndipo anauliza anahitaji karatasi zipi ili mzigo uingie. Kufikia hapo jibu huwa chungu. Katika biashara hii karatasi hutangulia na mzigo hufuata, na bastola ambayo haikupimwa kabla ya kununuliwa inaweza kuwa haiingiziki kabisa, hata kama muuzaji, mnunuzi na wakala wake wote ni watu waaminifu.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu ambao nyaraka zenyewe zinahitajiana, kwa maana kila karatasi huombwa kwa kutumia namba au ushahidi uliotolewa na karatasi iliyotangulia. Ninazungumzia sheria za shirikisho la Marekani, na nitagusa za majimbo pale zinapoweza kumnasa mwagizaji aliyedhani amemaliza kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Eneo la biashara lenye anwani halisi, ambalo sheria za mji au kaunti zinaruhusu biashara ya silaha kufanyika hapo.
- Alama za vidole na picha za kila mtu mwenye madaraka ya kuongoza shughuli.
- Ada ya leseni ya mwagizaji, ambayo ni dola 150 kwa miaka 3, na ada ya usajili wa uagizaji, inayoanzia dola 250 kwa mwaka 1 hadi dola 1,000 kwa miaka 5.
- Michoro ya kiwanda ya bastola unayoitaka, ikionyesha vipimo, uzito, kalibu (kipenyo cha risasi) na mifumo yake ya usalama. Picha za matangazo hazitoshi.
- Kalipa ya kupimia, mizani inayosoma kwa aunsi, na nakala tupu ya Fomu 4590, yaani karatasi ya kuhesabu alama za bastola.
- Wakala wa forodha mwenye leseni ambaye amewahi kushughulikia silaha, pamoja na dhamana ya forodha.
- Kabati au chumba cha chuma, na daftari la kuingia na kutoka kwa silaha.

Wakala nimemtaja kwa kusudi. Wakala hodari wa nguo au vipuri vya magari anaweza kuwa hajawahi kuiona Fomu 6A, ambayo ni fomu ya kutolea silaha forodhani, na siku ya kujifunza itakuwa siku ambayo mzigo wako umekaa uwanja wa ndege ukilipiwa gharama za kuhifadhiwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa na sheria

Mtu binafsi asiye na leseni hawezi kujiagizia bastola kutoka nje kwa ajili ya kuuza. Mwombaji wa leseni anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 21, asiwe miongoni mwa watu waliokatazwa kumiliki silaha, kama vile aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, na asiwe amewahi kuvunja sheria ya silaha kwa makusudi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukwama kwenye suala la uhamiaji. Mtu aliyepo Marekani kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa kumiliki silaha isipokuwa kwa mianya michache iliyotajwa na sheria, na kwa hiyo hawezi kuwa mtu mwenye madaraka katika kampuni ya namna hii. Mkazi wa kudumu hazuiwi kwa sababu hiyo. Ikiwa mmoja wa wabia wenu yuko kwa viza ya muda, amueni mapema kwamba hatakuwa na madaraka juu ya silaha, na muandike hivyo katika hati za kampuni kwa msaada wa wakili.

## Hatua ya 2: Omba leseni ya mwagizaji

Leseni hutolewa na idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, ambayo kila mtu huiita ATF. Kwa bastola za kawaida unayoihitaji ni leseni ya aina ya 08, nayo huombwa kwa Fomu 7. Leseni ya duka, ambayo ni aina ya 01, haikupi haki ya kuendesha biashara ya uagizaji, ilhali leseni ya aina ya 08 inakuruhusu pia kuuza silaha za aina hiyo hiyo katika eneo lako bila kuomba leseni ya pili ya duka. Nimeona watu wakilipia zote mbili bila sababu.

Afisa wa ukaguzi atakutembelea, atakagua eneo na kukuhoji kuhusu daftari na ulinzi. Sheria inaipa ATF siku 60 za kuamua, lakini hesabu huanza pale ombi lililokamilika linapopokelewa, hivyo sahihi moja iliyosahaulika inarudisha kalenda nyuma. Hakikisha pia kwamba umempelekea taarifa mkuu wa polisi wa eneo lako, kwa kuwa fomu inadai hivyo.

Hatua imekamilika ukishika leseni yenye jina na anwani ileile inayosomeka katika hati za kampuni. Tofauti ndogo, hata ya namba ya chumba cha ofisi, isahihishwe sasa, kwa sababu jina hilo ndilo litakalochongwa juu ya chuma baadaye.

## Hatua ya 3: Jisajili kama mwagizaji

Leseni peke yake haitoshi. Bastola zimo katika orodha ya zana za kivita zinazodhibitiwa zinapoingia Marekani, na anayefanya biashara ya kuziingiza lazima ajisajili kwa Fomu 4587. Ni hatua fupi, lakini ombi la kibali litakwama bila namba ya usajili. Chagua muda unaolingana na mpango wako wa biashara, kwa kuwa usajili ukiisha katikati ya mkataba unasimamisha kila kitu.

## Hatua ya 4: Pima bastola kabla ya kuinunua

Hapa ndipo wengi wanaponiandikia wakiwa tayari wamepoteza fedha, nami nitakaa hapa kwa muda.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 inaruhusu kuingizwa kwa silaha ambazo kwa ujumla zinatambulika kuwa zinafaa kwa matumizi ya kimichezo, au zinaweza kurekebishwa kwa urahisi zikafaa, na inazikataa silaha za ziada za kijeshi. Kwa upande wa bastola, ATF hutafsiri maneno hayo kupitia karatasi ya kuhesabu alama, yaani Fomu 4590. Ubora wa bastola, umaarufu wake, au kutumiwa kwake na jeshi la nchi fulani havihesabiwi.

### Masharti ya awali ya bastola ya magazini

Bastola lazima iwe na kifaa cha usalama kinachoendeshwa kwa mkono. Urefu wake usipungue inchi 6, kimo chake kisipungue inchi 4 kikipimwa bila magazini (kibebeo cha risasi), na jumla ya urefu na kimo isipungue inchi 10. Ikikosa sharti moja, hakuna haja ya kuhesabu alama.

Walther PPK ya Ujerumani ni mfano unaofundisha vizuri. Kimo chake hakikufika inchi 4, basi kiwanda kikachukua sehemu ya juu ya PPK na kuiweka juu ya fremu (mwili wa bastola wenye mpini) ndefu zaidi ya bastola ya PP, ikapatikana PPK/S kwa ajili ya soko la Marekani. Vivyo hivyo bastola za jamii ya Tokarev, ambazo kwa asili hazikuwa na kufuli ya usalama ya mkono, huongezewa kufuli hiyo kabla ya kuuzwa Marekani.

### Alama zenyewe

Bastola ya magazini inahitaji alama 75. Hupatikana hivi:

- Urefu: alama 1 kwa kila robo inchi inayozidi inchi 6.
- Fremu: 15 kwa chuma kilichofuliwa au kumiminwa, 20 kwa aloi ya mkazo wa juu.
- Uzito ikiwa na magazini tupu: alama 1 kwa kila aunsi, yaani takribani gramu 28.
- Kalibu: 0 kwa .25 na .22 fupi, 3 kwa.22 ndefu na kwa milimita 7.65 hadi .380, 10 kwa milimita 9 za Parabellum na kuendelea.
- Usalama: 5 kwa mtutu unaofungamana na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) wakati wa kufyatua, 5 kwa kiashiria cha risasi iliyomo chemba, 3 kwa kufuli ya mpini, 5 kwa kufuli inayozuia kufyatua magazini ikiwa imetolewa, na 10 kwa kizuizi cha pini ya kufyatulia.
- Mengineyo: 2 kwa nyundo ya nje, 10 kwa kifyatulio kinachoinua nyundo na kuiachia kwa mvuto mmoja, 5 kwa vilengeo vya shabaha vinavyosogezwa kwa kugongwa au 10 kwa vinavyorekebishwa kwa skrubu, 5 kwa mpini wa shabaha, na 2 kwa kifyatulio cha shabaha.

Tuchukue bastola ndogo ya .380 yenye urefu wa inchi 6, kimo cha inchi 4.3, uzito wa aunsi 17, fremu ya aloi, kizuizi cha pini, kifyatulio cha mvuto mmoja na nyundo ya nje. Masharti ya awali inayatimiza. Urefu unaipa 0, fremu 20, uzito 17, kalibu 3, kizuizi 10, kifyatulio 10 na nyundo 2. Jumla ni 62, na imepungukiwa na 13.

Mwagizaji anaweza kuomba kiwanda kiweke vilengeo vya kugongwa, mpini wa shabaha na kifyatulio cha shabaha. Atapata alama 12 zaidi, jumla 74, na bastola yake itakataliwa kwa alama moja. Akiagiza vilengeo vya skrubu pamoja na mpini wa shabaha, anapata 15, jumla 77, na inapita. Mazungumzo na kiwanda yanapaswa kufanyika katika kiwango hiki cha undani, wakati mkataba bado ni rasimu.

Bastola ya milimita 9 yenye ukubwa wa kawaida hupita kwa nafasi kubwa, kwa kuwa kalibu inaipa 10, uzito unakaribia 27 au zaidi, na urefu unaongeza. Bastola ndogo za mfukoni ndizo zinazoteseka. Ndiyo maana Glock 25 na 28 za .380 hazikuingizwa kwa ajili ya raia wa kawaida wa Marekani, na kampuni hiyo ya Austria ilipotoa Glock 42 ya kalibu hiyo mwaka 2014 iliitengeneza ndani ya Marekani, katika kiwanda chake cha Smyrna, Georgia. Mtihani huu unahusu uingizaji tu, hivyo bastola inayotengenezwa ndani ya nchi haiupitii.

### Bastola za silinda

Hizi, ziitwazo pia revolva, zina mizani yake. Mtutu usipungue inchi 3, fremu pamoja na mpini wa kawaida isipungue inchi 4 na nusu, na alama zinazohitajika ni 45. Kabla ya alama kuna jaribio la usalama, ambapo uzito unaolingana na wa bastola yenyewe huangushwa mara 5 kutoka inchi 36 juu ya nyundo, na kifaa cha usalama lazima kistahimili.

### Njia za mkato zisizofanya kazi

Usijaribu kuileta vipandevipande. Sheria inakataza pia fremu na mtutu wa silaha ambayo ingekatazwa ikiwa imeunganishwa. Usitegemee neno la muuzaji kwamba ni silaha ya kale: silaha za kijeshi zilizotambuliwa kuwa za kumbukumbu, ambazo kwa kawaida huwa na zaidi ya miaka 50, zina nafuu yake, lakini kwa bastola nafuu hiyo haiondoi sharti la kufaa kimichezo.

Ukiwa na shaka, omba kuingiza sampuli kwa masharti ili wataalamu wa ATF waipime. Ikishindwa, utaisafirisha kurudi nje, utaisalimisha au itaharibiwa, na hasara yako itakuwa ya bastola moja.

Endelea mbele pale tu watu wawili waliopima kila mmoja peke yake wanapokuwa na karatasi zinazofanana, zote zikivuka kiwango kwa alama tatu au zaidi. Alama 75 kamili ni halali, lakini badiliko dogo la uzito kiwandani linaweza kukuangusha.

## Hatua ya 5: Omba kibali kwa Fomu 6

Fomu 6 hujazwa kwa njia ya mtandao na kushughulikiwa na ofisi ya uagizaji ya ATF iliyopo Martinsburg, West Virginia. Utataja muuzaji wa nje, nchi iliyotengeneza, nchi inayosafirisha, mtengenezaji, modeli, kalibu, urefu wa mtutu, urefu wa silaha nzima, idadi, bei na lengo la kuingiza.

Andika modeli kama itakavyosomeka juu ya silaha. Ikiwa kiwanda kinaiita kwa jina moja sokoni kwake na jina jingine katika mzigo wa Marekani, kibali lazima kibebe lile litakaloonekana na afisa wa forodha. Tofauti ya herufi moja kati ya kibali na chuma imezuia mizigo ya watu wasio na hatia yoyote.

Angalia pia nchi. Maombi ya silaha kutoka China, Kuba, Irani na Korea Kaskazini hukataliwa kama sera, na silaha za Urusi zimefungiwa kwa vikwazo. Kupitisha mzigo katika nchi ya tatu hakubadilishi nchi ya asili, na kuificha ni kosa la jinai.

Kibali hudumu miaka 2. Unaweza kuleta mzigo kwa mafungu hadi idadi iliyoidhinishwa iishe, lakini huwezi kuongeza hata bastola moja juu ya idadi hiyo wala kurekebisha kibali kwa kalamu. Usiruhusu kiwanda kisafirishe kwa maelezo kwamba kibali kimo njiani.

## Hatua ya 6: Kibali cha nchi inayouza, na alama juu ya chuma

Nchi nyingi hazitoi ruhusa ya kusafirisha bastola mpaka zione kwamba nchi ya mnunuzi imeruhusu ziingie, na Umoja wa Ulaya umeliweka sharti hilo katika kanuni zake. Mpelekee muuzaji nakala ya Fomu 6 iliyoidhinishwa, naye ataiambatisha na ombi lake. Muda wa hatua hii huutawali wewe, hivyo usiwaahidi wateja tarehe.

Wakati ukisubiri, maliza suala la alama. Kila bastola lazima iwe na namba ya silaha isiyojirudia kwenye fremu, jina la mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, modeli, kalibu, na jina la mwagizaji pamoja na mji na jimbo lake. Uchongaji uwe na kina kisichopungua inchi 0.003, na maandishi ya namba yasiwe madogo kuliko sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Bastola za fremu ya plastiki hutumia kibamba cha chuma kilichozamishwa ndani ya fremu ili namba isifutike kirahisi.

Sheria inampa mwagizaji siku 15 baada ya mzigo kutoka forodha kuweka alama zinazokosekana. Ushauri wangu ni kwamba kiwanda kichonge kila kitu, jina lako likiwemo, kabla ya kufunga masanduku. Nakumbuka mwagizaji mmoja aliyepokea mamia ya bastola ambazo kiwanda kilikuwa kimeandika jina lake bila jimbo. Alilazimika kukodi mashine ya leza na kuchonga herufi zilizokosekana usiku na mchana ili awahi siku ya 15, na faida ya mzigo ule ikaishia hapo.

Dai picha ya bastola ya kwanza iliyochongwa, ikiwa karibu kiasi cha kusomeka kila herufi, na usilipe salio kabla ya kuilinganisha na leseni na kibali. Omba pia orodha ya namba zote kwa faili la kompyuta.

## Hatua ya 7: Forodha na Fomu 6A

Wakala wako atawasilisha ankara, orodha ya vifurushi, hati ya usafirishaji, kibali, na Fomu 6A kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Bastola na revolva zimo katika kifungu cha 9302 cha jedwali la ushuru. Viwango vya ushuru kwa nchi mbalimbali vimekuwa vikibadilika sana tangu mwaka 2025, kwa hiyo mtake wakala akupe hesabu ya maandishi kabla ya mzigo kuondoka, na tena wiki unayotarajia uwasili.

Fomu 6A ndiyo inayofunga mzunguko wa kibali. Forodha inathibitisha kilichoachiliwa, kisha wewe unathibitisha kilichopokelewa, na nakala inarudi ATF ndani ya siku 15 tangu mzigo uachiliwe. Hesabu silaha moja moja, soma namba kutoka kwenye chuma, wala usinakili kutoka kwenye orodha ya kiwanda. Ikipungua hata moja, toa taarifa, kwa sababu silaha iliyopotea au kuibiwa lazima iripotiwe kwa ATF na kwa polisi wa eneo ndani ya saa 48 tangu igundulike.

Ndani ya siku hizo 15 kila bastola inapaswa pia kuwa imeandikwa katika daftari lako. Idadi iliyopo kabatini, iliyopo daftarini na iliyopo kwenye Fomu 6A zikilingana, umefaulu. Tangu Agosti 2022 kumbukumbu hizi hutunzwa kwa muda wote biashara inapoendelea, basi usiweke daftari katika kompyuta isiyo na nakala ya akiba.

## Hatua ya 8: Kodi ya asilimia 10

Mbali na ushuru wa forodha, kuna kodi ya shirikisho ya asilimia 10 kwa bastola na revolva, inayodaiwa mwagizaji anapouza kwa mara ya kwanza. Ukimuuzia msambazaji bastola 500 kwa dola 300 kila moja kabla ya kodi, unadaiwa dola 15,000. Msambazaji na duka hawailipi tena. Hukusanywa na idara ya shirikisho ya kodi na biashara ya pombe na tumbaku, inayofupishwa TTB, kwa ritani ya kila robo mwaka, na wenye madai makubwa hutanguliza malipo kabla ya robo kwisha.

Anayeingiza silaha chini ya 50 kwa mwaka ana msamaha, lakini akifika 50 msamaha unaondoka kwa zote. Waagizaji wapya hupanga bei wakiisahau kodi hii, kisha wanagundua kwamba asilimia 10 ndiyo iliyokuwa faida yao. Iandike katika jedwali la bei siku ileile unayomuuliza kiwanda bei.

## Hatua ya 9: Kusambaza

Njia ya kawaida ni kutoka kwa mwagizaji kwenda kwa msambazaji wa jumla, kisha dukani, kisha kwa mnunuzi. Viwanda vikubwa vina kampuni zao ndani ya Marekani, kama Taurus ya Brazili iliyopo Bainbridge, Georgia. Vingine hupitia mwagizaji mwenye jina lake: Canik za Uturuki huingizwa na Century Arms, na bastola za XD za HS Produkt, kiwanda cha Karlovac nchini Kroatia, huuzwa na Springfield Armory ya Geneseo, Illinois. Mwagizaji mdogo hufanikiwa zaidi akipata wasambazaji wawili au watatu wa kikanda kuliko kukimbizana na maduka mia moja.

Kabla ya kutuma silaha, pata nakala ya leseni ya mpokeaji na uithibitishe kwenye mfumo wa ATF wa mtandaoni. Tuma kwenye anwani iliyo katika leseni, hata kama mteja anakusihi upeleke kwingine. Andika utokaji katika daftari ndani ya siku 7. Kampuni za usafirishaji zina mikataba yake kwa wenye leseni, na kuficha kilichomo ndani ya kifurushi kunaweza kukufungia akaunti siku hiyo hiyo.

Kisha kuna majimbo. California ina orodha yake ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa na maduka, ambazo lazima zifaulu vipimo vya maabara; Massachusetts ina orodha na kanuni zake; Maryland ina bodi yake ya orodha ya bastola. Majimbo kadhaa pia yanazuia magazini za zaidi ya risasi 10. Kibali cha shirikisho hakikupi nafasi katika orodha hizo, na kuomba kila moja ni gharama. Anza na majimbo yasiyo na orodha, na umwandikie msambazaji wako bayana ni wapi bidhaa haitumwi.

Dukani, mnunuzi hujaza Fomu 4473 na kuchunguzwa kupitia mfumo wa kitaifa wa kukagua historia ya wanunuzi, ulioanza Novemba 1998. Sheria ya shirikisho inaweka umri wa miaka 21 kwa anayenunua bastola kutoka kwa mwenye leseni, na mkazi wa jimbo jingine hukabidhiwa bastola kupitia duka la jimbo lake. Duka linapomuuzia mtu mmoja bastola mbili au zaidi ndani ya siku 5 mfululizo za kazi, linaripoti. Kila bastola humfikia mnunuzi ikiwa na kifaa cha kuifungia, na wasambazaji wanatarajia kukikuta ndani ya boksi lako.

## Hatua ya 10: Simu kutoka Martinsburg

Siku moja utapigiwa na kituo cha taifa cha kufuatilia silaha, ambacho nacho kipo Martinsburg. Bastola imepatikana mahali pa uhalifu, jina lako limesomeka kwenye fremu, na kwa kuwa ni ya kigeni ufuatiliaji unaanzia kwako. Sheria inakupa saa 24 za kueleza ilikwenda kwa nani.

Jaribu zoezi hili kila mwezi kabla simu haijaja: mwambie mfanyakazi achague namba yoyote kwenye Fomu 6A ya zamani, kisha uhesabu dakika zinazopita mpaka umtaje mpokeaji, leseni yake na tarehe. Zikivuka kumi, daftari lako lina kasoro, na familia inayosubiri kujua aliyempiga risasi mtoto wao inasubiri daftari hilo.